Shangazi, mtoto wangu haniachi nilale

*Shangazi, shikamoo. Mtoto wangu wa kwanza, binti, ana miezi mitano. Alipofika miezi miwili na nusu alianza kulala saa nne hadi tano mfululizo, nikajua tumeshavuka. Tangu mwezi uliopita mambo yamegeuka: anaamka kila baada ya saa moja na nusu, na hapati usingizi mpaka awe na ziwa mdomoni. Nikimlaza tu, anashtuka. Mama mkwe anasema maziwa yangu hayamshibishi, nimwanzishie chakula kizito. Rafiki yangu ameniletea dawa ya mafua ya maji, anasema kijiko kimoja tu na atalala mpaka asubuhi. Mume wangu amehamia chumba kingine kwa sababu anawahi kazini. Juzi usiku nilizinduka nikiwa kwenye kochi, mtoto kifuani, na sikumbuki nilisinzia saa ngapi. Kuna usiku namtazama akilia napandwa na hasira mpaka najiogopa. Mwezi ujao narudi kazini. Nimwache tu alie mpaka azoee?*
*Mama Asiyelala*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina mambo mengi, na nitayafikia yote, lakini naanza na kochi, kwa kuwa hapo ndipo niliposhtuka.

Kochi ni mahali pa hatari sana kwa mama kusinzia na mtoto mchanga, kuliko hata kitanda. Mtoto huteleza akabanwa kati ya mwili wako na mgongo wa kochi, au uso wake ukazama kwenye mto, na hana nguvu za kujinasua. Kwa hiyo kuanzia leo, ukijua macho ni mazito, usimnyonyeshe kwenye kochi wala kwenye kiti. Kaa kitandani, na kabla hujakaa ondoa mito na mablanketi karibu yake, ili usingizi ukikuiba asifunikwe na kitu. Ukizinduka, mrudishe kitandani kwake. Na kama wewe au baba yake mnavuta sigara, au mmoja wenu amekunywa pombe au dawa inayoleta usingizi, asilale nanyi kitanda kimoja kabisa.

Mahali pake hasa ni kitanda chake mwenyewe, ndani ya chumba chenu, angalau mpaka atimize miezi sita. Godoro liwe gumu na bapa, shuka limebanwa vizuri, na hakuna kingine humo: si mto, si blanketi, si mdoli. Mlaze chali kila mara, mchana na usiku. Zamani wazazi wengi waliambiwa wawalaze watoto kifudifudi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa takriban nusu au zaidi katika miaka iliyofuata. Binti yako akishajua kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, mlaze chali, kisha akijigeuza mwache. Ila kumviringisha kwenye shuka kukome pindi anapoanza kujaribu kujigeuza.

Dawa ya mafua irudishe kwa mwenyewe leo hii. Kinachomlaza mtoto humo ni kemikali inayozubaisha ubongo, na kwa mtoto wa umri huo inaweza kupunguza hata pumzi. Usimpe hata robo kijiko.

Kuhusu chakula kizito, mama mkwe anasema kwa nia njema, lakini mimi sikubaliani naye. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka miezi sita. Kama uzito wake unapanda kila mnapompima, na analowanisha nepi sita hivi au zaidi kwa siku, maziwa yako yanamtosha. Kuamka kwake mara nyingi hivyo hakutokani na tumbo tupu. Mama huyo mheshimu, mwambie daktari amesema tusubiri mwezi mmoja tu, na kama ana nafasi mwombe amshike mjukuu asubuhi ili wewe ulale. Msaada huo ni mkubwa kuliko chakula chochote.

Sasa tuje kwenye usingizi wenyewe, maana nadhani hakuna aliyekueleza kilichotokea.

Mtoto aliyezaliwa juzi ana usingizi wa aina mbili tu, na karibu nusu ya muda huo ni ule wa kuhangaika: anaguna, anakunja uso, anarusha mikono, na bado amelala. Karibu na mwezi wa nne ubongo unakua na usingizi unabadilika, unaanza kufanana na wa mtu mzima, wenye ngazi za wepesi na uzito. Kila baada ya dakika 50 au 60 hivi binti yako anapanda mpaka juu kabisa ya usingizi, karibu na kuamka. Wewe na mimi tunafanya hivyo pia, tunajigeuza na kuendelea. Yeye akifika pale anatafuta kile kilichomlaza. Kama alisinzia na ziwa mdomoni, hajui njia nyingine ya kurudi. Kwa hiyo analia, unampa, anasinzia, na mzunguko ujao yale yale. Hukumharibu mtoto kwa kumnyonyesha mpaka asinzie. Lilikuwa jambo sahihi kwa mtoto wa wiki chache. Amekua, na sasa anahitaji kufundishwa njia ya pili.

Njia hiyo inaanza mwanzoni mwa usiku, maana hapo usingizi unamvuta kwa nguvu na wewe bado una akili yako. Hamisha ziwa liwe mwanzo wa maandalizi badala ya mwisho. Mnyonyeshe kwanza taa ikiwa bado inawaka, mcheulishe, kisha mwogeshe au mfute, mvalishe, mwimbie wimbo uleule kila siku, zima taa, halafu mlaze akiwa amelegea lakini macho yako wazi. Atalalamika. Weka kiganja chako kifuani pake, mpigepige polepole, mnong'oneze. Akilia kwa nguvu mwinue, mtulize, mrudishe kabla hajalala kabisa. Usiku wa kwanza utaona kama hauishi. Wengi huanza kuona tofauti ndani ya wiki moja au mbili, mradi usibadilishe utaratibu kila siku.

Angalia pia saa unayomlaza. Mtoto wa miezi mitano kwa kawaida huweza kukaa macho saa moja na nusu, mara nyingine mbili na zaidi kidogo, kabla ya kuhitaji kulala tena. Akipitiliza anachoka kupita kiasi, mwili unamwaga homoni za kumweka macho, na ndipo unamwona anacheka na kurusha miguu usiku ukadhani hana usingizi. Usisubiri alie. Akianza kukwepa macho yako, kufikicha uso au kutulia ghafla, mpeleke. Na usimnyime usingizi wa mchana kwa matumaini kwamba usiku atalala zaidi, mara nyingi inakuwa kinyume. Umri huu unahitaji jumla ya saa 12 hadi 16 kwa siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Wengine ni wa 12 na hawana tatizo lolote.

Mchana mtoe nje aone mwanga, hasa asubuhi, na sauti za nyumbani ziendelee. Usiku pawe giza, na akiamka usimchekee wala kumwasha akili. Nepi yenye mkojo kidogo inaweza kusubiri, ya choo ibadilishe kwa mwanga hafifu. Na kabla ya kumwinua, subiri dakika moja au mbili na usikilize. Mara nyingi ile miguno ni ya usingizini, na mama anayekimbilia ndiye anayemwamsha.

Usitarajie alale mpaka asubuhi. Kunyonya mara moja au mbili usiku katika umri huu ni jambo la kawaida, na mimi ningekuwa wewe nisingepigana na hilo. Tunachotafuta ni kupunguza zile mara nyingine nne au tano ambazo hana njaa.

Umeuliza kama umwache alie mpaka azoee. Kumfungia mlango na kumwacha, hapana, siwezi kukushauri hivyo. Zipo njia za kumwacha alalamike kwa dakika chache, ukiingia na kutoka kumhakikishia, na wataalamu wengi huziona zinafaa kuanzia miezi sita hivi, kwa mtoto mwenye afya. Ukifika huko na ukaona zinakufaa, hakuna atakayekuita mama mbaya. Kwa sasa kaa karibu naye. Kulia mikononi mwa mtu ni tofauti na kulia peke yake.

Baba yake hapa ana kazi. Naelewa anawahi, lakini wewe nawe huna siku ya mapumziko, na mwezi ujao utakuwa unawahi vilevile. Ongea naye mchana, si saa nane usiku mkiwa wote mmechoka, na usimwambie "nisaidie" kwa jumla. Mpe jambo lenye mipaka: kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita mtoto ni wako, mimi nalala chumba kingine na mlango umefungwa. Akihitaji kunyonya, mlete, kisha mchukue. Saa nne za usingizi usiokatika zitakurudishia utu wako. Tena baba anafaa sana kwa somo hili la kulala bila ziwa, kwa kuwa hana harufu ya maziwa. Mara mbili tatu za kwanza watalia wote wawili, halafu watapata namna yao.

Ile hasira, mwanangu, asante kwa kuitaja. Mama aliyenyimwa usingizi wiki baada ya wiki hupatwa nayo, na haimaanishi humpendi. Ikikupanda, mlaze mtoto chali kitandani kwake, toka chumbani, funga mlango, kaa dakika tano hadi kumi mpaka mikono itulie. Kilio cha dakika kumi hakimdhuru. Kumtikisa hata mara moja kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo wake. Na kama huzuni au kukosa hamu imekushika zaidi ya wiki mbili, au huwezi kulala hata mtoto akilala, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo ulivyoniandikia. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru, usisubiri kesho, mwite mtu aliye karibu na mwende.

Mtoto naye mpeleke kwa daktari kama ana homa, anakoroma au pumzi inakatika akiwa usingizini, anakataa kunyonya, au uzito umesimama.

Kuhusu kazi: anza mabadiliko haya wiki hii, usingoje wiki ya kurudi ofisini. Na ujue mapema kwamba watoto wengi, mama akianza kushinda mbali, hunyonya zaidi usiku kwa siku kadhaa ili kufidia. Ikitokea, usidhani umerudi mwanzo. Mnyonyeshe ukifika tu nyumbani, mnyonyeshe tena kabla ya maandalizi ya kulala, na utaratibu wa kumlaza ubaki uleule.