Mnaoanza kutafuta sayari za mbali, anzeni na majitu

Wadogo zangu wa Mombasa, msingoje darubini. Mawingu ya Kusi na taa za mji zingewatesa bure. Data ya TESS, setilaiti ya NASA inayotafuta sayari za nyota nyingine, iliyorushwa 2018, iko wazi kwa kila mtu. Tafuteni laptopu, bando la kutosha (mafaili ni mazito) na Lightkurve, programu ya kuchora grafu ya nuru ya nyota kutoka data hiyo.

Sayari ikipita mbele ya nyota yake, nuru hupungua. Mshtarii likipita mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali angeona upungufu wa kama asilimia 1, nao huo unaonekana kwenye grafu hata kwa jicho lisilozoea. TESS hukodolea eneo moja kwa siku 27 hivi. Jitu, yaani sayari kubwa kama Mshtarii, linalozunguka nyota yake kwa siku 4 litapita mara kadhaa, lakini Mshtarii wetu, wenye mwaka wa karibu miaka 12 ya kwetu, utawapita hivihivi.

Tena msidharau mahali ambapo nadharia inasema hapana kitu. Mwaka 1952 mwanafalaki Otto Struve aliandika kwamba sayari kubwa huenda zikawa karibu mno na nyota zao, na kwamba zinaweza kutafutwa. Wachache walimsikiliza. Mpaka 1995 ndipo wanafalaki Michel Mayor na Didier Queloz, kwa darubini ya Haute-Provence, Ufaransa, walipotangaza jitu la 51 Pegasi b, linalozunguka nyota yake kwa siku 4.2. Wao hawakuona nuru ikipungua. Walipima jinsi nyota inavyoyumbishwa na mvuto wa sayari.

Kazi yenyewe hasa ni kujaribu kuiua sayari yako, yaani kutafuta ushahidi kwamba si sayari. Mshukiwa wa kwanza ni nyota mbili zinazozungukana na kufichana. Linganisheni mashimo ya grafu, moja baada ya jingine: kina kikipishana, zamu kwa zamu, hizo ni nyota mbili. Tazameni kama katikati ya mashimo mawili pana kishimo kidogo, pale nyota hafifu inapofichwa na mwenzake. Shimo lenye umbo la V, lisilo na kitako bapa, nalo litieni shaka: huenda ni nyota mbili. Halafu chunguzeni majirani, kwa maana pikseli moja ya TESS ni pana, sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe angani), na hufunika nyota kadhaa.

Hata ikipona yote hayo, nyota ndogo sana yaweza kuwa na upana wa Mshtarii na uzito wa makumi ya Mshtarii. Grafu ya nuru haitawaambia. Lazima mtu apime kuyumba kwa nyota. Na kabla ya kumwandikia yeyote, piteni kwenye orodha ya NASA ya sayari zilizokwisha kujulikana. Majitu yanayong'ara hivi, mengi yana wenyewe tayari.