Mlima ukikushinda, usikanyage klachi

Wadogo zangu mnaoanza kupeleka magari Matamba, Kitulo na vijiji vya Makete, kila masika kosa ni lile lile, kukanyaga klachi gari likishindwa kupanda, na linaniuma kwa sababu linazuilika.

1. Kabla ya kupanda, shuka utembee njia yote kwa miguu. Funga habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya magurudumu. Zikibaki kwenye FREE, hata ukiweka 4L (gia nzito ya kuvuta kwa magurudumu yote manne) ya mbele hayavuti. Kwenye tope shusha upepo wa matairi toka psi 35 hadi 25.

2. Injini ikilemewa katikati ya mlima, ndipo watu wanapoumia. Gari linatetemeka, dereva anakanyaga klachi ili injini isizime. Papo hapo amekata kilichokuwa kinalishikilia gari. Linarudi nyuma, anabana breki. Uzito umeshalalia nyuma, matairi ya mbele ni mepesi, yanajifunga na kuserereka, usukani hausikii. Pua inaenda pembeni, gari linakaa ubavu kwenye mteremko. Kama juu ya keria kuna magunia ya viazi, linabiringika.

Iache izime! Kanyaga breki mara moja, ushikilie. Usipampu, maana injini ikizima pedali inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Vuta hendibreki. Mguu ukiwa bado kwenye breki, kanyaga klachi, ingiza rivasi ya 4L, achia klachi yote. Chungulia dirishani uone tairi la mbele lenyewe limenyooka. Shusha hendibreki, legeza breki taratibu, gia ibebe gari. Piga stata bila kugusa klachi. Litawaka na kurudi chini pole pole, limenyooka kwenye alama zake. Kwa magari yanayokataa stata bila klachi, washa ukiwa umeshika breki, kisha achia klachi kwanza, breki baadaye. Na usijaribu kugeuza hapo mlimani, hata kama njia inaonekana pana.

3. Kushuka ni namba moja ya 4L, mguu mbali na klachi. Nyuma ikianza kuserereka, ongeza mafuta kidogo mpaka ifuate mbele. Nawasihi wanaoweka nyutro kwenye zile kona 57 za kuteremkia Chimala, eti kuokoa dizeli, waache: breki zinabaki na kazi yote, maji ya breki yanachemka, pedali inazama hadi sakafuni. Ukisikia harufu ya kuungua, simama wakati bado inashika, weka jiwe kwenye tairi, subiri zipoe zenyewe. Usimwagie maji, dramu ya moto hupasuka.