Nondo zilizochomoza juu hazisemi lolote kuhusu msingi

SWALI: Injinia, habari za kazi. Nina nyumba Tabata Segerea, mita 10 kwa 12, niliijenga mwaka 2014. Juu nilimwaga jamvi la zege nikaliacha wazi, na nondo za nguzo zikabaki zimechomoza kwa nia ya kupandisha ghorofa nikijaliwa. Sasa nimestaafu na kiinua mgongo kimetoka. Nataka nipandishe floo moja ya kupangisha, na juu yake nimwage jamvi jingine. Fundi wangu ni yule yule wa mwanzo, anasema nguzo zote 12 zina nondo nne za milimita 12 na zinabeba hata ghorofa mbili. Ramani iliyopitishwa zamani ni ya nyumba ya chini tu. Mwenyekiti wa mtaa ameshanigongea muhuri barua, na kuna kijana anasema atanitolea kibali ndani ya wiki bila usumbufu wa michoro. Kasoro ndogo ni kwamba mvua ikinyesha dari ya sebule inalowa, na kuna ufa juu ya dirisha ambao fundi anasema ni plasta. Nianze na lipi, kibali au matofali? (Mama mstaafu, Segerea)

JIBU: Mama, shikamoo. Anza na shimo.

Mhandisi achague nguzo mbili au tatu, mojawapo iwe ya katikati ya nyumba hata kama itabidi kuvunja sakafu kidogo. Pembeni mwa kila nguzo pachimbwe taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka kitako cha nguzo, yaani lile zege pana lililofukiwa chini yake, kionekane upana wake, unene wake na udongo kilichokalia. Apime, apige picha, kisha shimo lifukiwe na kushindiliwa vizuri siku hiyo hiyo. Utalipa vibarua wawili na ada ya mhandisi, basi. Kabla ya hapo hakuna mtu, awe fundi wako, mimi au ofisa wa halmashauri, anayeweza kukwambia nyumba hiyo inabeba nini.

Nitasema kwa ukali kidogo, uniwie radhi, maana swali hili linanifikia kila mara na kila mara linakuja na sentensi ile ile: “nondo zipo.” Kuanzia Mbagala mpaka Bunju, Dar imejaa nyumba zenye vishungi vya chuma kichwani, na wenye nyumba wanaviangalia kama akiba iliyoko benki. Nondo iliyoachwa juu ina kazi moja tu, kumwezesha fundi kuunganisha nguzo mpya na ya zamani bila kuvunja zege. Haipanui kitako kilichofukiwa, haikazi udongo, wala haiwezi kuligeuza zege bovu la 2014 kuwa zuri.

Tupige hesabu za darasa la saba. Ukuta wa tofali la inchi 6 wenye kimo cha mita 3 una uzito wa kilo 900 hivi kwa kila mita moja ya urefu, kabla ya plasta. Kwa nyumba yako, kuta za nje peke yake zinazunguka mita 44. Ongeza za vyumba, tuseme jumla mita 60. Hapo pana tani 54. Jamvi jipya la unene wa sentimita 15 juu ya mita za mraba 120 ni mita za ujazo 18 za zege, na kila mita ya ujazo ina kilo 2,400, hivyo ni tani 43. Tumeshafika tani 97 na bado hatujapiga plasta, hatujaweka vigae, hajaingia mpangaji na friji lake, wala hatujapandisha tangi la lita 5,000 ambalo likijaa ni tani 5 zilizokaa mahali pamoja.

Gawanya tani 97 kwa nguzo 12: tani 8 za nyongeza kwa kila moja. Na huo ni wastani wa kukufariji, kwa sababu nguzo ya katikati hubeba eneo la jamvi karibu mara nne ya lile la nguzo ya kona. Sasa chukua udongo laini wa kawaida, wenye kustahimili tani 10 kwa mita moja ya mraba. Fundi akiwa amemwaga kitako cha sentimita 80 kwa 80, kitako hicho kinastahimili tani 6 na kidogo tu, na tayari kinabeba jamvi la kwanza. Huenda vitako vyako ni vikubwa kuliko hivyo. Huenda udongo wako ni mchanga mzuri ulioshikana. Lakini Tabata ina sehemu zinazoshuka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, na kiwanja kimoja na cha jirani yake vinaweza kuwa na udongo tofauti kabisa. Ndiyo maana nimesema shimo.

Fundi wako simdharau. Mafundi wa mtaani ndio waliolijenga jiji hili, na mzuri akikunyooshea ukuta kwa timazi hutapata wa kumzidi. Ila anapokwambia “nondo nne za milimita 12” kana kwamba amemaliza maelezo, muulize ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo za nguzo pamoja, ziliachana sentimita ngapi. Kwa nondo ya unene huo, ringi hazitakiwi kuachana zaidi ya sentimita 14 hivi, ili nondo isipinde ikielemewa. Nimepasua nguzo nikakuta zimeachana 30. Muulize pia zege lilichanganywa vipi, maji yalipimwa au yalimiminwa kwa ndoo “liwe laini,” na kama kuna kipande chochote cha zege kilichopelekwa maabara kupondwa siku ya 7 na ya 28. Akicheka, umeshapata jibu. Mhandisi atalazimika kulipima zege lenyewe: kuligonga kwa nyundo maalumu inayosoma ugumu wa uso wake, na pale penye shaka kutoboa na kutoa vipande vya kwenda kuvunjwa maabara.

Halafu hizo nondo zenyewe. Zimekaa wazi kwa zaidi ya miaka kumi katika hewa ya pwani. Ile kutu ya juu inayobanduka kwa kucha si tatizo kubwa, hukwanguliwa. Ninayoiogopa iko shinani, pale nondo inapoingia kwenye jamvi, ambapo maji ya mvua hutuama na kuteremka ndani taratibu. Kutu hutanuka kuliko chuma kilichoizaa. Ikishaanza ndani ya zege hulipasua kwa ndani, ufa huingiza maji zaidi, na mzunguko unaendelea.

Kwa hiyo, mama, dari inayolowa usiiite kasoro ndogo. Maji yanapita katikati ya jamvi lenye nondo kila masika. Hata usipojenga tofali moja juu, hilo linahitaji kutibiwa mwaka huu. Ufa nao usiuzibe kabla mhandisi hajauona. Nyufa za plasta huwa nyembamba kama unywele na hutawanyika ovyo kama wavu. Ukiona mmoja umetoka kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, hasa ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, mara nyingi msingi umeshuka sehemu fulani. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe. Baada ya miezi miwili angalia kama umevuka alama.

Sasa kibali. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni utambulisho: unasema wewe ni mkazi, kiwanja kinajulikana, hakuna ugomvi na jirani. Hana mamlaka ya kuruhusu ghorofa na wala hatakiwi kuwa nayo. Kibali hutolewa na mamlaka ya upangaji, ambayo kwa Segerea ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile ambayo wengi bado tunaiita Ilala ingawa ilipandishwa hadhi mwaka 2021. Aliyeko Sinza ataenda Ubungo, wa Mbagala ataenda Temeke, wa ng'ambo ataenda Kigamboni. Ramani yako ya zamani ilipita kwa nyumba ya chini, hivyo inahalalisha nyumba ya chini tu. Ghorofa ni ombi jipya, lenye michoro ya usanifu iliyosainiwa na msanifu aliyesajiliwa, na michoro ya vyuma iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, hayafanywi kwa simu ya mtu.

(Kabla hujaniuliza: kukatwa kodi ya jengo kwenye LUKU si uthibitisho kwamba serikali inaitambua ghorofa yako. Utaratibu huo ulianza Agosti 2021 kwa ajili ya kukusanya kodi. Kuna mzee wa Kimara aliyeng'ang'ania kunionyesha risiti za umeme kama kibali, na alikuwa anamaanisha.)

Yule kijana wa wiki moja ndiye anayenikera kuliko ufa wako. Kibali bila michoro ni kitu gani? Ama ni karatasi ya kughushi, ambayo mkaguzi ataigundua siku utakapotaka mkopo au kuuza, ama ni michoro ya nyumba nyingine iliyobandikwa jina lako na kugongwa muhuri wa mhandisi ambaye hajawahi kufika Segerea. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu karatasi inakuwa halali kwa macho. Wapo wenzangu wanaokodisha mihuri yao hivyo, na sina maneno ya adabu ya kuwaelezea. Muhuri wa mhandisi una maana kwa sababu moja: kuna mtu mwenye namba ya usajili anayesema kwamba amepiga hesabu na ziko begani mwake. Ukinunua muhuri bila hesabu, umelipia karatasi inayokuzuia kujua ukweli kuhusu nyumba utakayolala chini yake.

Hapo ndipo dhana nzima ya vibali Dar imepinda. Watu wanaiogopa X nyekundu ya ukutani, alama ya wakaguzi kwa nyumba isiyo na kibali, kuliko wanavyoliogopa jamvi. Kibali wanakiona kama kinga dhidi ya wakaguzi, hivyo wanakitafuta kwa njia ya kuwakwepa wakaguzi, na wakishakipata wanaongeza floo ambayo haimo kwenye ramani. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Hapakuwa uchochoroni; palikuwa katikati ya jiji, mahali ambapo kila mwenye mamlaka alipita. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la ghorofa nne Kariakoo, siku ya biashara, na watu zaidi ya ishirini wakafa. Hili la pili lilikuwa limekamilika na linatumika.

Majengo yanayotumika ndiyo yamesahaulika. Mtu akishahamia anadhani mambo ya uhandisi yamekwisha. Kumbe ndipo ukuta unapobomolewa ili fremu mbili ziwe moja, nguzo inayoziba shelfu inachongwa, sakafu ya chini inachimbwa ipatikane stoo, na juu linapandishwa tangi la tatu. Nyumba ya familia inageuzwa gesti au shule ya awali bila kibali cha kubadili matumizi. Hayo yote yanahitaji mhandisi na ruhusa ya halmashauri sawa na ujenzi mpya, na hakuna hata moja kati yake linalofaa kuamuliwa na mpangaji na fundi wake usiku wa Jumamosi.

Nirudi kwako, mama, maana najua unataka kujua kama pesa ina pa kwenda. Vipimo vikitoka vizuri, chora, omba kibali, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa, weka kibao cha mradi, na mhandisi awepo siku ya kumwaga zege. Vikitoka vya wastani, achana na jamvi la pili: pauwa kwa mbao na bati, utaondoa karibu tani 43, na huenda floo moja ikawezekana. Vikitoka vibaya, kuna kupanua vitako na kuzivika nguzo zege jipya, kazi ambayo inafanyika lakini ni ghali, na kwa nyumba ya ukubwa wako mara nyingi naishauri familia ipauwe juu ya jamvi lililopo, izuie maji, na hela iliyobaki ijenge vyumba vya chini uani kama kiwanja kinaruhusu. Kodi ya vyumba hivyo italipika vilevile.

Na kwa wengine mnaosoma hapa mkiwa mmepanga: mkiona milango iliyokuwa inafunga imeanza kukwama yote kwa pamoja, nyufa mpya za mshazari zinazokua kwa siku, zege la nguzo linabanduka na chuma kuonekana, au mnasikia mipasuko ndani ya ukuta, msisubiri mwenye nyumba alete fundi wa kuziba. Tokeni na watoto kwanza, pigeni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha mtendaji wa mtaa na mhandisi wa halmashauri wajulishwe. Vyombo mtavifuata baadaye, na mwenye nyumba akikasirika akasirikie nje.