Udi wa Chupa Si Udi wa Chetezo

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwanamume aliyelelewa na moshi wa udi ana sababu gani ya kununua pafyumu ya udi yenye jina kubwa la dizaina, na akiinunua ataivaaje kwenye joto la Pwani? Sababu anayo. Ila akiipima kwa kipimo cha chetezo ataiona ya uongo, na akiivaa kwa mazoea ya mafuta ya udi atawakera wenziwe. Nachukua mfano mmoja, Oud Wood ya Tom Ford iliyotoka 2007, kwa kuwa watu huitafuta kwa udi na uvumba na waigaji wake hawahesabiki.

Kwanza kilichomo. Udi wenyewe ni utomvu wa mti wa Aquilaria, unaoota Asia ya Kusini na Kusini-mashariki. Mti ukiwa mzima, ubao wake ni mweupe, mwepesi, na haunukii chochote. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu hujikinga kwa utomvu, na hapo ubao hugeuka mweusi na mzito. Tangu 2005 biashara ya miti yote ya jenasi hiyo inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mafuta yake ni ghali na kila mkupuo huja na tabia yake: ya Assam, India, yana harufu ya zizi la mifugo na ya ngozi ndani yake, ya Kambodia yana utamu wa tunda lililopitiliza. Kampuni inayotaka chupa ya Paris ifanane na ya Dubai haiwezi kusimama juu ya kitu kigeugeu namna hiyo. Ndiyo maana udi wa pafyumu nyingi za dizaina hujengwa maabara, kwa viungo kama Black Agar ya Givaudan, kampuni ya kutengeneza viungo vya manukato, pengine na chembe ya mafuta halisi.

Aliyefungua mlango katika maduka makubwa ya Ulaya ni M7 ya Yves Saint Laurent, mwaka 2002. Udi wake ulikuwa na ukali wa dawa ya kidonda, na wanunuzi wengi hawakuuelewa. Oud Wood ilikuja miaka mitano baadaye ikiwa imepigwa msasa: iliki na pilipili ya Sichuan mwanzoni, halafu mbao kavu na liwa, mwishoni vanila na tonka, mbegu yenye harufu tamu. Moshi haumo, na zizi halimo. Anayesema "huu si udi" amesema kweli, lakini hajaijibu chupa. Swali la kuiuliza ni jingine: mbao zake ni safi au zina ukali wa chuma? Iliki inaungana nazo au inaondoka na kuziacha tupu? Baada ya saa nne kimebaki kitu au utamu mtupu?

Majibu hayo hayapatikani dukani kwa dakika tano. Kikaratasi cha kunusia kinafaa kwa kazi moja tu, kuchuja. Puliza mara moja, andika jina na saa pembeni, subiri nusu dakika spiriti iruke, kisha nusa bila kugusisha pua. Usinuse zaidi ya tatu kwa siku moja. Zile punje za kahawa wanazokuwekea mezani hazisafishi pua kuliko hewa ya kawaida. Toka nje, au nusa kiwiko chako ambacho hakikupakwa kitu. Karatasi haina joto wala mafuta ya mwili, kwa hiyo hukuonyesha iliki kwa muda mrefu kuliko utakavyoiona mwilini, na mbao huzionyesha zikiwa kavu mno.

Iliyopita mchujo huo ipeleke kwenye ngozi, mkono mmoja pafyumu moja. Puliza kwa umbali wa kama sentimita 15 na usisugue. Msuguano hupasha ngozi joto na kuzirusha haraka zile harufu nyepesi za mwanzo, nawe ulikuwa unataka kuzijua. Kisha ondoka dukani. Kiyoyozi cha nyuzi 20 hukupa picha ya pafyumu nyingine kabisa. Tembea juani, panda daladala, rudi nyumbani. Nusa baada ya robo saa, saa moja, saa nne na saa nane, na uandike neno moja kila mara. Kati ya dakika ya 30 na ya 40 kuna jambo la kuangalia kwa makini kwenye Oud Wood: iliki hulegea, na kwa muda mfupi ngozi hunuka kama droo ya kabati la zamani iliyofunguliwa ghafla, kavu, yenye vumbi tamu kidogo. Anayependa dakika hizo ataipenda chupa. Asiyezipenda asijilazimishe kwa sababu ya jina.

Wengi hulalamika kwamba "haidumu", na mara nyingi tatizo ni pua. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo ndani ya nusu saa hivi, na molekuli kubwa zenye harufu ya mbao kama Iso E Super, kiungo cha maabara, kuna watu hawazinusi kabisa, au huzinusa zikija na kuondoka. Mwombe mtu wa nyumbani akunuse baada ya saa tatu, kwa umbali wa hatua moja, bila kumwambia umepaka nini. Neno lake lina uzito kuliko pua yako mwenyewe. Anayeongeza mara tano kwa sababu "sijisikii" ndiye anayewaumiza watu vichwa kwenye lifti.

Kuvaa. Mwili uwe umeoshwa na kukaushwa vizuri, kwani jasho bichi huichanganya pafyumu na kuifanya iwe chachu. Dawa ya kwapa iwe isiyo na harufu. Mchaichai au "bahari" ya dawa hizo hupigana na mbao. Ngozi kavu ipakwe jeli ya petroli isiyo na manukato, utando mwembamba tu, kisha puliza juu yake. Ofisini mara mbili zinatosha: kifuani chini ya shati na nyuma ya shingo. Usipulize kooni mbele, maana pua itachoka mapema. Kwenye gari la abiria au msikitini, mara moja, nusu saa kabla ya kutoka. Harusi ya usiku, uwanjani, inaruhusu tatu au nne. Joto la nyuzi 32 na unyevu wa Pwani huisukuma harufu mbali katika saa ya kwanza kisha huimaliza mapema, hivyo dawa yake ni kichupa kidogo cha mfukoni cha kurudia jioni. Kumwaga nyingi asubuhi hakusaidii.

Kanzu ina sheria zake. Kitambaa hushika mbao hadi kesho yake, lakini rangi ya pafyumu huweza kuacha doa la manjano kwenye nyeupe, kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya pindo la chini. Wanaotaka kuunganisha chetezo na chupa, na mimi nawaunga mkono kabisa, wafukize kwanza: kanzu juu ya moshi dakika tano hadi kumi, makaa yakiwa yamefunikwa jivu ili udi uive bila kuungua. Chetezo kiondolewe, kanzu ipoe, ndipo pafyumu ipulizwe mwilini. Msipulize kamwe karibu na makaa. Sehemu kubwa ya chupa ni spiriti na hushika moto papo hapo. Moshi huipa Oud Wood kile ilichonyimwa kiwandani, nayo huupa moshi usafi na iliki. Pamoja huwa bora kuliko kila moja peke yake.

Kuhusu bandia: linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ya kwenye boksi, zifanane. Pulizio zuri hutoa ukungu mpana na laini, la bandia hutoa matone. Pafyumu za Dubai zinazofuata mkondo huu kwa majina ya waundaji wake si bandia, na baadhi ni nzuri, ila zipimwe kwa saa zilezile nane.

Kabla ya kulipa, tafuta kichupa cha mililita 2. Pulizo moja hula takriban mililita 0.1, kwa hiyo una mara 20, siku kumi za majaribio kwa mara mbili kila siku. Vaa siku tatu mfululizo, ya nne usipake kitu, na asubuhi hiyo nusa kola ya shati la jana. Ukijikuta unainusa mara ya pili, nunua chupa ya mililita 50. Hiyo ni zaidi ya miezi minane ya matumizi, na ikikaa ndani ya boksi lake, kabatini, mbali na bafu na dashibodi ya gari, itaisha kabla joto halijaiharibu.