Azincourt 1415 mezani: acha tope lifanye kazi

Mkuu, umesema mmecheza kwa sanamu vita vya Azincourt, vya Mfalme Henry V wa Uingereza dhidi ya Wafaransa, mara tatu kwenye meza ya futi 6 kwa 4 na matokeo ni mawili tu. Ama Wafaransa wanamalizwa na mishale kabla hawajafika, ama wanafika wazima na kuwameza Waingereza. Mkipunguza nguvu ya upinde mnaangukia upande wa pili, mkiizidisha mnarudi mlikotoka. Sababu ni kwamba mnarekebisha upinde peke yake. Tarehe 25 Oktoba 1415 mishale ilifanya sehemu yake, lakini wenye deraya (askari waliovaa mavazi ya chuma) wa Kifaransa waliangamizwa na shamba lililolimwa na kunyeshewa usiku kucha, pamoja na wenzao waliokuwa wakiwasukuma kutoka nyuma. Bila kanuni ya tope na kanuni ya msongamano mtakuwa mnapigana kwenye uwanja wa mpira.

Vipimo kwanza, kwa sababu vikikosewa hapa hakuna kanuni itakayowaokoa. Sentimita 1 iwe mita 10, sanamu 1 iwe watu 100, zamu moja iwe kama dakika 2. Jeshi la Henry V lilijipanga kati ya msitu wa Azincourt na msitu wa Tramecourt, upana wa takriban mita 900. Hiyo ni sm 90. Meza yako ina upana wa sm 180, kwa hiyo upande wa Waingereza misitu inakula sm 45 kila ubavu. Upande wa Wafaransa ipunguze hadi sm 32 hivi, uwanja uwe sm 115. Ule mteremko wa upana kutoka 115 kwenda 90 ndio faneli yako. Watu wengi wanaweka miti michache pembeni kama pambo na kuruhusu vikosi vipite humo. Funga misitu kabisa. Hakuna mwenye deraya anayepita, na mpiga mishale anapita kwa nusu mwendo.

Mwelekeo wa ramani: Waingereza wanatazama kaskazini, Azincourt iko kushoto kwao, Tramecourt kulia, na kijiji cha Maisoncelle nyuma yao ndiko mizigo iliko. Wafaransa wamefunga njia ya kwenda Calais, bandari ambayo Waingereza walikuwa wakiielekea.

Kuhusu idadi kuna ubishi mrefu. Mwanahistoria Anne Curry, aliyepekua hati za mishahara ya askari, anawaweka Wafaransa karibu 12,000 na Waingereza karibu 9,000. Wengine wanashikilia Waingereza 6,000 waliozidiwa mara kadhaa. Kwa mezani msigombane, tumieni 7,600 dhidi ya 13,000. Mkitaka Wafaransa zaidi waongezeni nyuma, mtaona wenyewe kwamba wanachoongeza ni msongamano.

Sanamu zenye kimo cha mm 28 ziwekwe kwenye vitako (vibao vya kuzisimamishia) vya upana wa mm 45 na kina cha mm 40. Waingereza wanahitaji vitako 8 vya wenye deraya, sanamu 2 kila kimoja, na vitako 12 vya wapiga mishale, sanamu 5 kila kimoja. Hizo ni sanamu 76, na vitako 20 vikipangwa kwa safu moja vinajaza sm 90 kamili: sm 27 za mishale, sm 36 za deraya katikati, sm 27 za mishale. Wafaransa: kikosi cha mbele vitako 16 vya sanamu 3 (48), kikosi kikuu vitako 14 vya sanamu 3 (42), wapanda farasi wa ubavuni vitako 2 kila upande vya sanamu 2 (8), wapanda farasi wa nyuma vitako 10 vya sanamu 2 (20), na wapiga mishale na pinde za kufyatua vitako 4 vya sanamu 3 (12). Jumla sanamu 130.

Mm 28 ni ghali na kupaka rangi sanamu 206 si kazi ya wiki moja. Perry Miniatures wana plastiki za kipindi hiki hasa. Bajeti ikigoma, chapisha askari wa karatasi kwenye kadi ya gramu 200 ukatumia vitako vilevile. Kanuni hazibadiliki, maana kila kitu kinapimwa kwa kitako, si kwa sanamu.

Sasa angalia hesabu ya vitako, ndiyo moyo wa mchezo. Kikosi cha mbele kikisimama safu moja kina sm 72. Wenye deraya wa Kiingereza wana sm 36 tu. Mtukufu wa Kifaransa hakutaka kupambana na mpiga mishale: fidia yake (pesa za kumkomboa akitekwa) haina maana, heshima haipo, na mbele yake kuna miti iliyochongwa. Alitaka mtu mwenye bendera. Kwa hiyo weka kanuni hii na usiilegeze: kila kitako cha Kifaransa cha waendao kwa miguu lazima kielekee kitako cha karibu cha deraya ya Kiingereza, na hakiwezi kuchagua kushambulia wapiga mishale mpaka kishambuliwe nao. Matokeo yake sm 72 zinajibana kwenye 36, safu mbili. Kikosi kikuu kikifika zinakuwa nne. Hakuna aliyelazimisha msongamano, umekuja wenyewe.

Tope. Kila kitako cha Kifaransa cha miguu kinarusha dadu moja na kusogea sm sawa na dadu, jumlisha 1. Ukipata 1, weka shanga moja nyekundu nyuma ya kitako. Shanga ni uchovu, na ukomo wake ni 3. Kikosi kikuu kinapita kwenye tope lililokwisha kukanyagwa, kwa hiyo hakijumlishi ile 1 na kinapata shanga kwa 1 au 2. Wapiga mishale wa Kiingereza ni wepesi, wanasogea sm 8 bila dadu. Wenye deraya wao wanaathirika vilevile, lakini hawana haja ya kutembea.

Mishale. Kila kitako cha wapiga mishale kina dadu 2, masafa sm 25. Dhidi ya deraya kutoka mbele, 6 inaongeza shanga, haiondoi kitako. Ndani ya sm 5, au kutoka ubavuni, 5 na 6. Mzigo wa kawaida wa mpiga mishale ulikuwa mishale 24, ambayo kwa kasi yao iliisha ndani ya dakika chache, kwa hiyo ruhusu zamu 6 tu za kupiga. Piga hesabu: vitako 12 mara dadu 2 mara zamu 6 ni dadu 144, na moja ya sita yake ni shanga 24. Tope linaongeza kama 16 kwa kikosi cha mbele. Shanga 40 kwa vitako 16 ni mbili na nusu kila kimoja kikifika. Kichwa kimeinama, kofia imefungwa, pumzi imekwisha, ila mtu yuko hai. Ukiona vitako vinaondolewa mezani kwa mishale kabla ya kugusana, umerudi kwenye kosa la mwanzo.

Mapambano ya mkono kwa mkono: deraya ya Kifaransa dadu 6, ya Kiingereza dadu 5, toa dadu 1 kwa kila shanga. Toa moja zaidi kama kuna kitako cha mwenzako nyuma yako ndani ya sm 1, na mbili kama viko viwili. Angalau dadu 1 ibaki. Piga kwa 5 na 6. Mwenye mapigo machache anarudi sm 3. Asipokuwa na nafasi ya kurudi kwa sababu ya wenzake, kitako kinaondolewa, nusu wafu nusu mateka. Tofauti ya mapigo mawili au zaidi inakiondoa hata kama nafasi ipo. Kitako chochote kikipigana zamu mbili mfululizo kinaongezewa shanga, pande zote. Hii ya mwisho wengi wanaisahau, halafu wanashangaa kwa nini kikosi kikuu hakina maana. Maana yake ni hiyo: kinawakuta Waingereza nao wamechoka.

Wapiga mishale wakiishiwa wanatupa pinde na kushika mashoka, majambia na nyundo walizopigilia miti. Wakishambuliwa kutoka mbele wana dadu 2 tu. Wakiingia ubavuni kwa kitako chenye shanga 2 au zaidi wana 4. Mchezaji wa Kiingereza anayewaficha nyuma ya miti mchezo mzima atashindwa, na ndivyo inavyopaswa.

Wapanda farasi wa ubavuni wawe wachache. Walipangwa wengi zaidi, waliojitokeza saa ilipofika wakapungua. Wanaanza zamu ya kwanza kwa lazima, dadu mbili jumlisha 2, na mishale inawapata kwa 5 na 6. Kitako kikipata shanga 2 kinageuka na kukimbia moja kwa moja nyuma, na kila kitako cha Kifaransa kinachopitiwa na farasi hao kinapata shanga. Kikifika kwenye miti, rusha dadu: 4 kwenda juu kinaanguka hapo hapo, kama alivyoanguka Guillaume de Saveuse, mmoja wa viongozi wao.

Miti hiyo iwe mbele ya wapiga mishale tu, si mbele ya deraya. Ilikuwa na urefu wa futi sita, imechongwa ncha zote mbili. Mezani ni vijiti vya meno: kijiti kimoja kinatoa vipande viwili vya mm 28. Tengeneza vipande 12 vya kadibodi ya mm 45 kwa 15, miti 5 kila kimoja, jumla vijiti 30. Toboa kwa sindano ukiilaza kuelekea adui, tia gundi ya mbao. Usiigandishe kwenye vitako vya askari, maana wakitoka kupigana miti inabaki.

Kosa lingine ni kuanza mapema mno. Asubuhi ile majeshi yalitazamana kwa saa kadhaa, na kusubiri kuliwafaa Wafaransa, kwani Waingereza walikuwa na njaa na wengi waliugua kuhara damu tangu walipouzingira mji wa Harfleur. Mchezaji mwenye akili atakaa tu. Kwa hiyo anza baada ya Henry kusogea mbele na kupigilia miti upya: safu yake iwe sm 35 kutoka ukingo wake, kikosi cha mbele cha Kifaransa sm 30 mbele yake, kikosi kikuu sm 12 nyuma ya hicho, farasi wa nyuma sm 15 zaidi. Kikosi cha mbele hakisimami. Kikosi kikuu kuanzia zamu ya 3 hakisimami pia, hata mchezaji akipiga kelele. Wapiga mishale wa Kifaransa wako nyuma ya kikosi cha mbele na hawawezi kupiga juu ya vichwa vya mabwana zao. Mchezaji atalalamika kwamba huo ni upuuzi. Ulikuwa upuuzi kweli: majemadari d'Albret na Boucicaut walijua vita, lakini kuwaamrisha watawala wa majimbo walio juu yao kwa cheo ni jambo jingine, na Mfalme Charles VI hakuwapo. Ikiwezekana Wafaransa wawe wachezaji wawili wasioruhusiwa kuzungumza.

Ardhi: changanya gundi nyeupe kipimo 1, maji 1, mchanga uliochekechwa 2, na rangi ya kahawia. Paka juu ya ubao wa stairofomu, kisha pitisha kitana kabla haijakauka upate matuta ya jembe. Matuta yasizidi mm 2, la sivyo vitako vinayumba. Vanishi ya kung'aa iende mabondeni tu, ukipaka kote shamba linageuka keki ya chokoleti. Kadibodi ya vitako hujikunja gundi ikikauka, basi paka pande zote mbili na uilaze chini ya vitabu usiku mmoja.

Kwenye rangi, Wafaransa wapakwe tope hadi magotini, hata mapajani. Waingereza kifundoni inatosha. Deraya: rangi nyeusi ya msingi, fedha kwa brashi kavu, basi. Wapiga mishale kadhaa wawe pekupeku na suruali zimeshushwa, kuhara damu hakukuwa siri. Bendera ya Henry ina robo za mayungi matatu ya Ufaransa na simba wa Uingereza.

Weka kitako kimoja cha ziada kwa Antoine, mtawala wa Brabant aliyekuja kuwasaidia Wafaransa, aingie zamu ya 8. Alichelewa hata vazi lake la nembo hakuwa nalo, akachukua bendera ya tarumbeta akaitoboa na kuivaa. Sanamu hiyo ikipakwa vizuri watu wataiuliza kuliko mfalme.

Mateka wanahitaji makubaliano kabla ya kuanza. Kila kitako cha Kifaransa kilichoondolewa na deraya kinampa Mwingereza alama 2 za fidia, lakini kwa kila viwili anafunga kitako kimoja cha wapiga mishale kama walinzi. Wapanda farasi wa nyuma wakisogea mbele, au mizigo ya Maisoncelle ikivamiwa (kama alivyofanya Isembart d'Azincourt), anaweza kuwaachilia walinzi hao kwa kupoteza alama zote za mateka. Henry aliamuru mateka wauawe. Kama kuna watoto mezani, sema tu mateka wametoroka.

Mchezo uishe zamu ya 15. Wafaransa wanashinda wakiondoa vitako 6 vya deraya au kitako cha mfalme. Vinginevyo hesabuni alama za fidia, badilishaneni pande, chezeni tena. Mwenye alama nyingi akiwa Mwingereza ndiye mshindi wa siku. Mkiona Wafaransa wanafika na shanga chini ya mbili kwa wastani, msiguse mishale: punguzeni mwendo wao kwa kuondoa ile jumlisha 1.