Kabla ya kukata mashikio, vua fulana

Skuli, Wete, waliniita Popo. Jina lenyewe wala si la haki: nendeni Kidike mkawatazame popo wetu wa Pemba, mashikio yao madogo tu. Mimi kofia ikishuka kidogo, mashikio yanatoka pembeni kama mikono ya sufuria. Dada zangu wanayo yaleyale, ila wao wana mtandio.

Nilipofika miaka 29 nikapanda boti kwenda Dar es Salaam kumuona daktari wa upasuaji, ayalaze mashikio karibu na kichwa. Nilidhani atatoa rula. Akaniambia nivue fulana. Alitaka kuiona alama ya chanjo ya kifua kikuu begani, kisha akauliza kama kwetu yupo aliyetoga shikio likamwota kovu. Yupo, dada yangu mkubwa, kovu kama kokwa ya tende. Daktari akanyamaza. Ngozi nyeusi huota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, kwa wepesi, na shikio ni mahali pake hasa. Ukakatwe kwa ajili ya sura, urudi na donge linalotazamwa kuliko mashikio? Nawaandikia kwa sababu ya swali hilo tu. Alama yangu ilikuwa bapa, akakubali, baada ya kunionya mara mbili.

Nilichomwa ganzi, nikakatwa nyuma ya shikio, gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika ya shikio, likakunjwa na kushonwa. Maumivu hakuna, lakini sauti! Kama mtu anatafuna embe bichi ndani ya kichwa chako. Bendeji wiki nzima, halafu utepe wa kichwani wa kulalia usiku kwa wiki sita. Joto la kaskazi likanishinda, siku nne nikalala bila utepe, na shikio la kushoto limerudi nje kidogo. Hilo ni langu, simlaumu mtu.

Usikivu haubadiliki. Mtoto angojewe afike kama miaka 5, shikio likaribie ukubwa wake, na alalamike mwenyewe, si shangazi yake. Kichanga ana bahati zaidi: wiki za mwanzo gegedu bado laini, hospitali zenye ujuzi hulinyoosha kwa kibanzi laini na plasta bila kisu. Msijaribu nyumbani.

Mimi nina mwezi wa 14 tangu nikatwe, na keloidi huweza kuchelewa. Kila nikitawadha, nikifika kupangusa mashikio, kidole gumba kinapita nyuma taratibu kutafuta uvimbe. Leo alfajiri palikuwa laini.