Muhtasari wa mwezi hautoshi kwa UPSC

Ndugu yangu, umeuliza kama muhtasari wa habari wa kila mwezi unatosha kwa mchujo wa UPSC, tume inayoendesha mtihani wa utumishi wa umma wa India. Peke yake hautoshi. Karatasi ya kwanza ina maswali 100 ya alama 200, na ukikosea unakatwa theluthi ya alama za swali, kwa hiyo kukumbuka nusunusu kunaumiza.

Chukua Septemba 2023. Muhtasari utakuambia Bunge lilipitisha viti vya wanawake. Wewe chimba zaidi: ni marekebisho ya 106 ya Katiba, yanatenga theluthi moja ya viti vya Lok Sabha, yaani baraza la chini la Bunge, na vya mabunge ya majimbo, lakini utekelezaji ulifungwa hadi sensa ifanyike na mipaka ya uchaguzi ichorwe upya. Hapo ndipo watahini hupenda kutega. Mwezi huohuo Umoja wa Afrika uliingia G20, kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa, huko New Delhi. Jifunze pia wanachama wengine ni nani.

Kila siku soma gazeti moja tu, The Hindu au Indian Express, pamoja na taarifa za PIB, ofisi ya habari ya serikali. Malumbano ya vyama yaruke bila huruma. Muhtasari uweke kwa marudio.